Mnunuzi anayesema "sikujua"

Mwanamume anapokamatwa kwa kununua ngono kwa mwanamke aliyeletwa na walanguzi, utetezi wake huwa mmoja: sikujua. Mara nyingi anasema kweli. Aliona tangazo mtandaoni, akapiga simu, akaelekezwa chumba, akalipa, akaondoka. Hakumwona anayeshikilia pasipoti ya yule mwanamke, wala daftari la deni lake. Wote waliohusika, kuanzia aliyeandika tangazo hadi aliyepangisha chumba, walihakikisha mteja hakutani na jambo la kumtia wasiwasi. Kutojua ni sehemu ya kile alicholipia.

Naanzia hapo kwa sababu ukifuatilia juhudi za kupunguza mahitaji ya wanawake na wasichana wanaouzwa kwa ajili ya ngono, utazikuta zinakwama au zinafaulu kwenye neno hilo moja, kujua. Sheria inayomwadhibu anayejua tu humwachia karibu kila mtu. Sheria inayomwadhibu kila mnunuzi huzua ugomvi mwingine, na katika ugomvi huo kila upande una hoja nzito.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachozungumzwa. Itifaki ya Palermo ya Umoja wa Mataifa, iliyopitishwa Novemba 2000 na kuanza kutumika Desemba 2003, ndiyo iliyoipa dunia tafsiri moja ya usafirishaji haramu wa binadamu. Tafsiri hiyo ina sehemu tatu: tendo, yaani kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumhifadhi au kumpokea, njia, kama vile nguvu, vitisho, ulaghai au kutumia vibaya udhaifu wake, na lengo, ambalo ni kumnyonya. Mtu akiwa na umri chini ya miaka 18, njia haiulizwi kabisa. Kwa mtu mzima, ikithibitika kwamba njia mojawapo ilitumika, kukubali kwake hakuhesabiki. Mwanamke aliyekubali kusafiri akiahidiwa kazi ya hoteli hakukubali kilichomkuta alipofika.

Itifaki hiyo hiyo, katika ibara ya 9(5), inazitaka nchi zichukue hatua za kisheria, za elimu, za kijamii na za kitamaduni ili kudhoofisha mahitaji yanayozaa unyonyaji huo. Haisemi mnunuzi ashtakiwe. Haisemi pia kwamba asishtakiwe. Kila nchi imeachiwa ijaze pengo hilo, na zimelijaza kwa namna zinazopingana.

Lakini mahitaji ya nini hasa? Ni wachache wanaotoka nyumbani wakiwa na nia ya kumtafuta mwanamke aliyelazimishwa. Wengi wanatafuta vitu vingine: bei ndogo, umri mdogo, sura mpya kila mara, mtu asiyekataa ombi lolote, asiyeng'ang'ania kondomu, asiyeweza kwenda polisi baadaye. Ziweke sifa hizo pamoja, halafu ujiulize ni nani anayeweza kuzitoa kwa wingi, usiku hadi usiku, kwa hiari yake. Walio tayari kwa masharti hayo hawatoshi kujaza soko, ndipo mlanguzi anapopata kazi. Mteja hakumwagiza mwanamke aliyefungwa, ila aliagiza kitu ambacho mwanamke aliye huru hakitoi.

Utafiti wa nchi kadhaa uliochapishwa na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji mwaka 2003 uliongeza jambo ambalo wachumi wa kawaida wangelisahau. Mahitaji haya hayakai mahali yakisubiri kutimizwa. Yanatengenezwa. Madanguro yakijaa wanawake wageni wa bei nafuu, wanaume ambao hawakuwahi kuwafikiria wanaanza kuwaona kama jambo la kawaida, na baada ya miaka michache wanawadai. Watoto wa kiume hujifunza kutoka kwa wenzao, kazini, jeshini, safarini, kwamba kununua ni sehemu ya uanaume. Kwa hiyo anayesema "mahitaji yapo tangu enzi na enzi, hayaondoki" anakosea kuhusu namna yanavyozaliwa, na kama yanazaliwa kwa namna hiyo, yanaweza pia kupungua.

Ukitaka kuona kwa nini soko hili linavutia wahalifu kuliko mengine, angalia hesabu. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 27.6 walikuwa katika kazi za kulazimishwa, na kati yao milioni 6.3 walikuwa wanalazimishwa katika biashara ya ngono. Karibu wanne katika kila watano wa hao wa mwisho ni wanawake na wasichana. Mwaka 2024 shirika hilo likatoa makadirio ya faida: dola bilioni 236 kwa mwaka kutokana na kazi zote za kulazimishwa na watu binafsi. Katika fedha hizo, asilimia 73 inatokana na ngono, ingawa wanaonyonywa kingono ni asilimia 27 tu ya waathirika wote wa kundi hilo. Kila mmoja wao anamwingizia anayemnyonya zaidi ya dola 27,000 kwa mwaka.

Tofauti hiyo ina maelezo. Anayelazimishwa kuvua samaki au kushona nguo anazalisha bidhaa, na bidhaa hiyo huuzwa mara moja. Kuna injini, kitambaa, usafiri na madalali wa kulipwa. Katika ngono ya kulazimishwa, mtu yuleyule huuzwa tena na tena siku hiyohiyo, na fedha hutoka mfukoni mwa mteja moja kwa moja hadi mkononi mwa kuwadi. Gharama ni chumba, simu na chakula, nazo pia huandikwa kwenye deni la mwanamke. Hakuna kiwanda kingine ambacho mnunuzi wa mwisho yuko karibu hivyo na mhalifu. Ndiyo maana naamini kumgusa mnunuzi kuna maana hapa kuliko katika biashara ya samaki, ambapo mlaji yuko bara jingine na hajui hata jina la chombo.

Tatizo ni jinsi ya kumgusa. Njia iliyoonekana ya haki tangu mwanzo ilikuwa kumshtaki yule tu anayejua. Mkataba wa Baraza la Ulaya wa mwaka 2005, ibara ya 19, unazihimiza nchi zifikirie kufanya kosa la jinai kutumia huduma za mtu huku ukijua ni mwathirika wa usafirishaji haramu. Ufini ilitangulia kulitekeleza wazo hilo. Mwaka 2006 ilipiga marufuku kununua ngono kwa mtu aliyesafirishwa au aliye chini ya kuwadi. Waendesha mashtaka wakajikuta wakitakiwa kuthibitisha kilichokuwa kichwani mwa mteja, naye mteja alikuwa na jibu lake tayari. Mwaka 2015 sheria ikabadilishwa: sasa inatosha kwamba alikuwa na sababu ya kushuku.

Uingereza na Wales zilichukua njia kali zaidi. Sheria ya mwaka 2009, iliyoanza kutumika Aprili 2010, inasema kumlipa mtu aliyelazimishwa, aliyetishwa au aliyelaghaiwa ni kosa, na haijalishi kabisa kama mnunuzi alijua au alipaswa kujua. Utetezi wa "sikujua" ukafa kwenye karatasi. Hata hivyo mashtaka yalibaki machache, kwa kuwa bado mtu lazima athibitishe kwamba mwanamke alilazimishwa, na shahidi mkuu wa hilo ni mwanamke mwenyewe, ambaye anaogopa, anadaiwa, na mara nyingi ana familia ambayo walanguzi wanajua inapoishi. Adhabu yenyewe ilikuwa faini ya hadi pauni 1,000. Polisi mwenye mafaili mezani hatumii miezi mingi kutafuta faini hiyo.

Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo watu wengi wenye nia njema wanaposita. Wanauliza: ni haki kumwadhibu mtu kwa jambo asilolijua? Nami nauliza jinsi sheria inavyomtazama mtu anayenunua simu mpya gizani kwa robo ya bei yake. Katika nchi nyingi, akishtakiwa kwa kupokea mali ya wizi, hakimu hatosheki na "sikujua". Anauliza kama alikuwa na sababu ya kuamini kuwa ni ya wizi. Wazee wanasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mteja anaiona kamba hiyo kuliko polisi yeyote. Anamwona mwanamke asiyejua lugha ya mahali alipo. Anasikia simu ikipokelewa na mtu mwingine anayepanga bei. Anaambiwa amlipe mtu wa mlangoni, si yeye. Anaona chumba kisicho na kitu cha mtu binafsi, mwanamke anayeangalia saa, michubuko. Hayo yote yanaonekana ndani ya dakika chache. Kumwambia mwanamume huyu kwamba kuuliza ni wajibu wake si kumwonea.

Kwa watoto jambo hili halina mjadala mrefu. Marekani ilirekebisha sheria yake mwaka 2015 ili iwe wazi kwamba mnunuzi wa mtoto anaweza kushtakiwa kwa kosa lilelile la usafirishaji haramu, pamoja na aliyemleta.

Nchi nyingine zikaamua kuliacha kabisa swali la kujua. Uswidi ndiyo ya kwanza: tangu tarehe 1 Januari 1999, kununua ngono ni kosa, kuuza si kosa. Mantiki yake ni kwamba kama huwezi kumtenganisha mteja wa mwanamke aliyelazimishwa na mteja wa asiyelazimishwa, basi punguza wateja wote, na mlanguzi atakuta soko dogo. Norwei na Iceland zilifuata mwaka 2009, Kanada mwaka 2014, Ufaransa mwaka 2016, Ireland mwaka 2017, na Israeli, ambako adhabu zilianza kutolewa mwaka 2020. Ufaransa hutoza faini ya hadi euro 1,500 kwa mara ya kwanza na 3,750 kwa anayerudia. Uswidi ilianza na faini au kifungo cha hadi miezi sita, ikakiongeza hadi mwaka mmoja mwaka 2011, kisha mwaka 2022 ikaiondoa faini.

Imesaidia? Tathmini ya serikali ya Uswidi ya mwaka 2010 ilisema ukahaba wa mitaani ulipungua kwa nusu, na kwamba mazungumzo ya simu yaliyonaswa na polisi yaliwaonyesha walanguzi wakilalamika kuwa Uswidi ni soko gumu. Wakosoaji wakajibu kwamba tathmini hiyo iliagizwa kwa sharti kuwa sheria haitaguswa, na kwamba ukahaba wa mitaani ulikuwa unapungua kila mahali kwa sababu biashara imehamia mtandaoni. Hoja zote mbili ni za kweli. Mimi nazipa uzito zaidi kura za maoni za wanaume wenyewe: waliokiri kuwahi kununua walishuka kutoka takriban asilimia 13 mwaka 1996 hadi karibu asilimia 8 mwaka 2008. Ndiyo, kitu kikiwa kosa watu hukificha. Lakini aibu ya kukiri nayo ni badiliko, na ndilo badiliko ambalo itifaki ililitaka.

Upande wa pili kuna nchi zilizoruhusu. Uholanzi iliondoa marufuku ya madanguro mwaka 2000, Ujerumani ikaanza kutumia sheria yake mwaka 2002 kisha ikalazimika kuikaza mwaka 2017. Wachumi watatu waliolinganisha takwimu za hadi nchi 150 walichapisha mwaka 2013 maelezo ambayo nayaona kuwa ndiyo kiini cha suala. Kuhalalisha kunasukuma mambo mawili yanayopingana. Kwanza, soko linakua, na likikua linahitaji watu zaidi. Pili, wanawake wanaofanya kazi kihalali wanaweza kuchukua nafasi ya waliolazimishwa. Swali ni lipi lina nguvu kuliko lingine. Takwimu zao zilionyesha la kwanza, yaani nchi zilizohalalisha ziliripoti watu wengi zaidi wanaoingizwa na walanguzi, ingawa wenyewe walionya kwamba takwimu za uhalifu uliofichwa ni dhaifu na haziwezi kubeba hukumu ya mwisho.

New Zealand haiingii vizuri katika kundi lolote. Mwaka 2003 iliondoa ujinai kwa pande zote, na wanawake wengi huko wanasema sasa wanaweza kumripoti mteja mkatili bila kuogopa. Ila sheria hiyohiyo inamkatalia kazi hiyo mgeni mwenye viza ya muda. Anayeweza kusafirishwa kwa urahisi zaidi ndiye aliyeachwa nje ya ulinzi.

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya kumwadhibu mnunuzi inatoka kwa wanaouza ngono wenyewe, na si haki kuipuuza. Wanasema mteja anayeogopa polisi hataki kukutana mahali penye mwanga, hataki kutoa jina, anaharakisha makubaliano, na wateja wapole ndio wa kwanza kuondoka. Wanaobaki ni wale wasioogopa kitu. Shirika la Amnesty International lilichukua msimamo wa kuondoa ujinai mwaka 2016, na mwaka huohuo likaeleza yaliyotokea Oslo, mji mkuu wa Norwei, ambako polisi waliwatishia wenye nyumba kuwashtaki kwa ukuwadi wasipowatoa wapangaji. Wanawake wakatupwa nje, baadhi wakiwa wageni walioogopa kuripoti hata ubakaji. Watu 261 wanaouza ngono waliifikisha sheria ya Ufaransa mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Julai 2024 mahakama iliamua kwamba sheria hiyo haikuvunja haki yao ya maisha binafsi, huku ikizitaka mamlaka ziendelee kuichunguza na kuirekebisha kadiri matokeo yanavyojitokeza.

Nilipoyatafakari yote haya, niligundua kwamba madhara wanayolalamikia hayatoki kwenye adhabu ya mteja peke yake. Yanatoka pale sheria inapomwondoa mteja na kumwacha mwanamke bila hati, bila nyumba na bila kipato, huku deni likibaki palepale. Mwanamke anayedaiwa maelfu na kuwadi hafutiwi deni eti kwa sababu wateja wamepungua. Anaambiwa apunguze bei na akubali zaidi. Sheria ya Ufaransa ililiona hilo, ikaweka njia ya kutoka: kibali cha kuishi cha miezi sita kinachoweza kuongezwa hadi miezi 24, pamoja na posho. Posho ni ndogo, na kupata nafasi kunategemea kamati ya eneo husika, baadhi zikiwa na moyo wa kusaidia na nyingine zikiwa na shaka na kila mgeni. Kila faini inayotozwa ingepaswa kutanguliwa na mlango wa kutokea, na kwa sasa katika nchi nyingi faini inatembea haraka kuliko mlango.

Sehemu ya kazi hii haihitaji bunge kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Bosnia na Kosovo zilijaa baa ambamo wanawake kutoka nchi za Ulaya Mashariki walifungiwa, na miongoni mwa wateja walikuwemo watumishi wa kimataifa waliopelekwa kulinda amani. Umoja wa Mataifa haukuweza kuandika sheria za jinai za kila nchi, lakini uliweza kuandika kanuni za watumishi wake. Mwaka 2003 Katibu Mkuu alitoa agizo linalokataza kutoa fedha, ajira, bidhaa au huduma ili kupata ngono, na likaongeza kuwa kukosea umri wa mtoto si utetezi. Kabla ya hapo, mwaka 2002, serikali ya Norwei ilikuwa imewakataza watumishi wake kununua ngono wakiwa kazini, miaka saba kabla ya kuwapo kwa sheria ya nchi nzima. Utekelezaji wa agizo la Umoja wa Mataifa umekuwa wa aibu mara nyingi, kwa kuwa askari hurudishwa nchini kwao na kesi hufifia. Hata hivyo mwajiri ana kitu ambacho polisi hana: anajua mfanyakazi wake yuko wapi, analala hoteli gani, na nani anailipa bili.

Mtandaoni mambo ni magumu zaidi. Aprili 2018 Marekani ilifunga Backpage, tovuti kubwa ya matangazo ya ngono, na siku chache baadaye ikatia saini sheria ya kuziwajibisha tovuti za aina hiyo. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilipotazama mwaka 2021, iliona kifungu kipya cha jinai kimetumika mara moja tu, na matangazo yamehamia kwenye tovuti za nje ya nchi ambazo hazijibu wito wa polisi. Kilichoonekana kuwa na matumaini zaidi ni benki. Nchini Kanada, tangu mwaka 2016, benki na mamlaka ya ufuatiliaji wa fedha hubadilishana dalili za miamala: vyumba vingi vya hoteli kwa kadi moja, malipo ya matangazo usiku wa manane, fedha nyingi ndogondogo zinazoingia na kutoka siku hiyohiyo. Fedha huacha alama hata pale shahidi anapoogopa kusema.

Na sasa neno lile linarudi. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulirekebisha maelekezo yake kuhusu usafirishaji haramu wa binadamu, ukazilazimisha nchi wanachama kufanya kosa la jinai kutumia huduma za mwathirika pale mtumiaji anapojua kuwa ni mwathirika. Zilipewa hadi tarehe 15 Julai 2026 kuliingiza hilo katika sheria zao. Hicho ni kiwango cha chini. Hakuna kinachozuia bunge lolote kuongeza maneno "au alikuwa na sababu ya kushuku". Zitakazoandika "akijua" na kuishia hapo zitakuwa zinaanza safari ambayo Ufini iliianza mwaka 2006, na iliyoichukua miaka tisa kugundua kwamba haifiki.